Mgongo wa Soketi

Nyinyi mliomaliza kozi juzi na tayari mmejiita mainjinia kwenye simu zenu, hebu ketini. Mimi sina haraka, nimestaafu. Nyinyi ndio wenye haraka, ingawa bado sijaona mnakokimbilia.

Mmoja wenu ameniuliza swali, na wengine mmetikisa vichwa huku mkiendelea kutazama simu. Mwisho wa kozi mmeambiwa mchore mlichojifunza badala ya kuandika ripoti, na hamwelewi kwa nini. "Madam, sisi si watoto wa nasari." Nimesikia. Watoto wa nasari wangekuwa wameshamaliza kuchora.

Miaka ishirini na sita nimefundisha kufunga stima za nyumba katika chuo kidogo cha ufundi karibu na Kondele, chuo cha madarasa manne ya mabati na kengele iliyokuwa zamani rimu ya lori. Kila kundi lililopita mikononi mwangu lilichora kabla ya kuondoka. Wapo waliochora kwa kiburi, wapo waliochora huku wakinuna, na yupo mmoja aliyechora kikombe cha chai na andazi, vyote viwili vikubwa kuliko mita ya stima. Nilimpa alama nzuri. Muhula ule chai ilikuwa kitu pekee chuoni kilichofika kwa wakati.

Jambo hili la kuchora sikulibuni mimi. Nililirithi kwa Fundi Mohinder, mzee wa Kisingasinga aliyekuwa na karakana upande wa viwandani, pale ambapo upepo wa ziwa ulikuwa ukifika umechoka, umebeba harufu ya dizeli. Nilienda kwake kutafuta kazi nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, na wanaume wote wa karakana wakasimama kunitazama nikipanda ngazi, wakisubiri nianguke. Sikuanguka. Nilipanda na kushuka siku nzima, nikafunga taa mbili za stoo, zikawaka, na jioni nikashika mkoba wangu niende nyumbani.

"Kwisha?" akaniuliza Mohinder.

"Kwisha, Fundi."

"Chora."

Akanipa kipande cha karatasi ya kaki, ile safi inayokaa katikati ya mfuko wa saruji, na penseli fupi kama kidole gumba. Nikachora. Nikachora nyumba yenye dirisha, mlango na pazia, na taa inayotoa miale kama jua. Mzee akaitazama kwa muda mrefu.

"Nyumba mzuri," akasema. "Nani nakaa? Stima wapi?"

Nikaongeza waya: mstari mmoja kutoka kwenye mita mpaka kwenye balbu. Akaufuata kwa ukucha wake mweusi mpaka mwisho, akasimama hapo.

"Imefika. Sasa narudi namna gani? Ama stima yako nalala huko?"

Karakana nzima ikacheka. Na mimi, ambaye nilikuwa nimefunga taa mbili zilizowaka, nikagundua nimezifunga kama kasuku anavyosema "karibu". Mikono yangu ilikuwa imemwiga mtu aliyekuwa mbele yangu. Kwamba stima lazima irudi ilikotoka, hilo kichwani mwangu halikuwamo. Kwenye taa halikuonekana. Kwenye karatasi ya saruji lilionekana hata na wapishi.

Basi nilipopata kazi ya ualimu, nikabeba karatasi za kaki na kuziingiza darasani. Msidhani nilianza vizuri. Kundi langu la kwanza nilifanya kosa ambalo ninyi mngelifanya leo: nilimpa zawadi aliyechora vizuri. Alikuwa kijana anayeitwa Ouma. Alichora sanduku la fyuzi lenye kivuli, lenye kila skrubu mahali pake, hata mkwaruzo uliokuwa kwenye rangi aliuweka. Nikaibandika ukutani, nikawaambia wengine watazame na waone haya. Mwezi wa pili baada ya kuhitimu, Ouma alipelekwa kwenye kazi yake ya kwanza, akafika mbele ya sanduku lile lile, akalitazama, akatafuta pa kuanzia, akakosa. Nilirudi kuitazama picha yake kwa macho mapya. Alikuwa amechora kifuniko. Miezi yote ile hakuwahi kukifungua. Sasa anachora malaika kwenye kuta za makanisa, na niseme ukweli, malaika wake wana mabawa yanayoweza kuruka.

Tangu siku hiyo niliacha kutazama uzuri. Nilizitandaza karatasi zote sakafuni, nikavua viatu, nikatembea katikati yake kimya kimya kabla sijaongea na mtu. Kwanza nilitafuta kile ambacho mwanafunzi amekifanya kikubwa, maana hicho ndicho kilichomwogopesha au kumfurahisha. Halafu nilitafuta kisichokuwepo. Mtu akichora chumba kizima na asichore mkono wake, ujue kazi ile aliifanya mwenzake, yeye alishika ngazi. Mtu akichora nyaya na mahali zinapoungana akaweka wingu, hapo ndipo alipokuwa akitazama simu. Na mnapopiga picha ubao wa mwalimu kwa simu, watoto wangu, simu ndiyo inayohudhuria darasa. Siku ya kazi muiambie ipande ngazi.

Sasa niwaambie ya mwaka wangu wa mwisho, ndiyo yaliyonifanya niwaite hapa.

Mkuu wa chuo wakati huo alikuwa Bwana Okelo, mtu mwenye tai nyingi. Kulikuwa na wageni wafadhili waliotarajiwa kuja Ijumaa, siku ya kutoa vyeti, na ili wakute mambo ya kisasa, Bwana Okelo alituletea mshauri kutoka Nairobi. Kijana nadhifu, viatu bila soksi, boksi la kalamu za rangi kwapani. Siku ya Jumanne akasimama mbele ya wanafunzi wangu kumi na wanne, akatangaza kwamba tutafanya tafakuri ya mafunzo kwa njia ya picha. Moyo wangu ukaruka. Nikasema, kumbe Mohinder aliacha mjukuu.

Haikuwa hivyo. Kijana alibandika karatasi nyeupe ukutani na kutuchorea mfano wa kufuata: mti, barabara na balbu. Mizizi ya mti ni mlikotoka, matunda ni mafanikio yenu. Barabara ni safari ya elimu. Balbu ni wazo jipya. Wanafunzi wangu wana adabu, wakanakili. Zikatoka karatasi kumi na nne, miti kumi na minne, yote inazaa, hakuna hata mmoja ulioliwa na mchwa. Barabara zote zimenyooka kana kwamba hakuna aliyewahi kutoka nyumbani. Na balbu! Watu waliokaa miezi sita wakijifunza stima wakachora balbu zinazong'aa bila waya, bila swichi, zikiwa zimening'inia hewani kama malaika wa Ouma.

"Kijana wangu," nikamwuliza yule mshauri, "hii balbu inawakaje?"

"Ni ishara, Madam."

"Sawa. Na mwenye nyumba akinipigia simu kwamba kuko giza, nimwambie pia ni ishara?"

Darasa likacheka mpaka madirisha yakatikisika. Mshauri hakucheka. Aliandika kitu kwenye daftari lake. Nadhani alichora mti uliokauka. Lakini Bwana Okelo, aliyekuwa amesimama mlangoni, alipiga makofi akasema ukuta wa ukumbi umepata rangi, na kwamba wageni watafurahi.

Nikamwacha na rangi zake. Kesho yake, Jumatano asubuhi, kabla mshauri hajaamka hotelini, niliwagawia wanafunzi karatasi za kaki.

"Penseli tu," nikawaambia. "Maneno yasizidi matano. Chora kazi moja uliyoifanya kwa mikono yako mwenyewe ukiwa mafunzoni nje, tangu ulipofungua mkoba mpaka mwenye nyumba alipoanza kutumia. Na ukimaliza, mchore yeye. Anafanya nini na stima uliyomwekea?"

"Madam, na mti?" akauliza mmoja wa nyuma.

"Ukiwa ulifunga stima kwenye mti, uchore."

Wakainama. Mnajua kuna aina ya kimya ambayo mwalimu huisubiri mwaka mzima? Penseli kumi na nne zikikwaruza kaki, na nje wachomeleaji wa Kondele wakigonga vyuma vyao. Nikakaa kwenye kiti changu, nikanyoosha goti.

Hilo goti ndilo lenye habari. Mwaka ule lilikuwa limevimba, likakataa kusimama muda mrefu. Miaka yote iliyotangulia, nilipofundisha kufunga soketi, niliwakusanya wanafunzi nyuma yangu, wakachungulia juu ya mabega yangu, tukiwa wote tunatazama upande mmoja. Mwaka ule Bwana Okelo alikuwa amepata mabenchi marefu yaliyotupwa na kanisa, akayapanga mistari mistari na kuyapigilia misumari sakafuni ili yasiibiwe. Wanafunzi wakakaa kama waumini. Mimi nikakaa mbele yao kama mchungaji, nikainua soketi ikiwa imewatazama wao, nikasema: "Waya wa moto, kulia. Andikeni." Wakaandika.

Soketi, kama mnavyojua au mnavyojifanya kujua, ina uso na mgongo. Uso ndio unaotazama chumbani. Nyaya zinafungwa mgongoni. Upande wa kulia wa usoni, ukiigeuza soketi ushike bisibisi, unakuwa kushoto. Niliwaonyesha uso, na wao wakaenda kufanya kazi mgongoni.

Sikuwa nimeligundua hilo. Walipofanya mazoezi, niliwaambia wachomeke taa ya meza, ikawaka, nikasema vizuri, nikaketi. Taa haina ubaguzi, itawaka hata nyaya zikibadilishana mahali. Ningechukua testa, ile bisibisi yenye kitaa cha kupimia stima, na kuinama kwenye kila soketi ningejua, lakini goti lilisema hapana, na mimi nilikuwa nimezoea kulisikiliza.

Basi Jumatano ile nikatandaza karatasi sakafuni, nikavua viatu, nikaanza kutembea. Karatasi ya kwanza, soketi imechorwa kwa mgongo, waya wa moto kulia. Nikasema moyoni, huyu hakusikia. Ya pili, kulia. Nikasema, huyu alikaa karibu na yule. Ya tano, kulia. Ya saba nikaacha kusema chochote. Karatasi kumi na moja zilikuwa na kosa moja, limechorwa kwa uangalifu, kwenye nyingine limepigwa hata mstari chini kuonyesha kwamba mchoraji ana uhakika. Mwanafunzi mmoja akikosea, anaweza kuwa na matatizo ya kwao. Kumi na mmoja wakikosea sawasawa, hapo hakuna mwanafunzi aliyekosea.

Karatasi tatu zilikuwa sahihi. Nikaziokota kama mtu aliyeokota dhahabu, nikawauliza wenyewe walijuaje.

Wekesa, kijana wa Bungoma mwenye mdomo usio na breki, akajibu kwa niaba yao: "Madam, sisi watatu siku hiyo hatukuwa darasani."

Watoto wangu, nimetukanwa na wenye nyumba, nimetukanwa na mainjinia wa kweli. Hakuna tusi lililowahi kuniingia kama lile, na kijana hakuwa hata anatukana.

Nikawaambia ukweli, hapo hapo, bila viatu. Nikainua soketi, nikaigeuza mbele yao, mara ya kwanza polepole, mara ya pili polepole zaidi. Nikaona nyuso zikibadilika benchi baada ya benchi.

"Kwa hivyo, Madam," akasema Wekesa, "miezi sita hawa wenzetu wamekuwa wakisomea kwa kioo?"

"Ndiyo."

"Na mbona soketi zina herufi kwa nyuma? Si mtu angesoma tu?"

Zile zetu za mazoezi herufi zilikuwa zimeshafutwa na vidole vya miaka mingi. Lakini soketi mpya zinazo, ndogo, zilizochongwa kwenye plastiki kuonyesha kila waya unakokaa. Nikawageukia wengine. Hapo akasimama Awino, msichana wa Katito, mpole, mwenye mwandiko uliosimama wima kama yeye.

"Mimi niliona herufi, Madam," akasema. "Zilikuwa zinasema kushoto. Nikadhani kiwanda kimekosea."

Hebu fikirini. Kiwanda kizima, na mashine zake na mainjinia wake, kimekosea, na Madam mwenye goti yuko sawa. Nikacheka, kisha nikaacha, kwa sababu wakati huo huo nilikuwa nimeinama juu ya karatasi yake.

Awino alikuwa amechora saluni. Mama yake alikuwa amehama Katito miaka miwili kabla, akafungua saluni ya mabati Obunga, na Awino katika mafunzo ya nje alikuwa amemfungia soketi tatu. Kila kitu kilikuwa hapo: kioo, viti viwili, beseni la kuoshea nywele, koili ya kuchemshia maji imelala ndani ya beseni na waya wake umefika ukutani. Na mwishoni, kama nilivyoagiza, alimchora mwenye nyumba. Mwanamke mnene ametumbukiza mkono kwenye beseni, na kuzunguka vidole vyake Awino alikuwa ameweka vistari vifupi vingi, kama sisimizi.

"Hivi ni nini?" nikauliza.

"Ni mama, Madam. Anasema tangu niweke soketi, maji yanamng'ata kidogo. Nilimwambia labda ni sabuni."

Tuelewane vizuri hapa, maana kesho mtakuwa mnaingia nyumba za watu. Swichi ya soketi kazi yake ni kuukata waya wa moto, ule unaoleta stima. Ukibadilisha nyaya, swichi inakata waya wa kurudi, na moto unabaki umekaa ndani ya kile kifaa, kimya, umesubiri. Unazima, kile kitaa chekundu cha soketi kinazimika, unajua umezima. Na kama ni koili kuukuu iliyopasuka ngozi yake, na iko kwenye maji, na sakafu imelowa, na mtu anazima kwanza kwa sababu binti yake fundi amemfundisha kuzima kwanza, kisha anatia mkono kupima joto la maji... Leo yanamng'ata kidogo kwa sababu amevaa ndara za mpira. Siku atakayovua ndara apige deki, hayatang'ata kidogo.

"Mpigie simu," nikasema.

Awino akapiga. Ikalia mpaka ikakata. Akapiga tena.

"Akiwa na mteja hashiki, Madam. Simu anaweka kwa mkoba."

"Anaosha nywele siku gani?"

"Jumatano ndiyo siku ya wengi. Mama wa sokoni wanakuja."

Nikatafuta viatu vyangu. Mlangoni nikakutana na tai ya Bwana Okelo, na nyuma yake mshauri, amebeba miti yetu.

"Madam, unaenda wapi? Saa nne tuna zoezi la kubandika picha ukumbini."

Nikamweleza kwa maneno machache. Akasikiliza, akapunguza sauti.

"Sasa, Madam, kosa la kushoto na kulia tu, ndilo la kutuaibisha mbele ya wageni? Wapewe vyeti Ijumaa, wataendelea kujifunza huko nje."

"Huko nje ni nyumba za mama zao, Bwana Okelo."

"Basi hizo karatasi za saruji zitoe. Zisionekane."

Niwaambie yaliyompata, ili msiendelee kumfikiria. Vyeti vilicheleweshwa wiki mbili. Wageni walikuja Ijumaa, wakakuta ukumbi umejaa miti na hakuna mwanafunzi hata mmoja, kwa sababu wote kumi na wanne walikuwa Nyalenda na Manyatta na Obunga wakifungua soketi walizozifunga, watatu wasiokosea wakiwasimamia kumi na mmoja waliokosea. Wekesa aliisimamia kazi hiyo kana kwamba amezaliwa waziri. Bwana Okelo alinyamaza nami mpaka siku ya kuniaga, akasoma hotuba ndefu akinisifu kwa nidhamu.

Lakini hayo ni ya Ijumaa. Jumatano mimi na Awino tulipanda bodaboda moja, watu watatu juu ya pikipiki, na mmoja wao ni mwalimu aliyefundisha somo la usalama miaka ishirini na sita. Njia nzima Awino alikuwa nyuma yangu akipiga simu. Nilisikia ikilia sikioni mwangu, ikilia, ikikata. Mara moja tu, tulipopunguza mwendo kupisha mikokoteni, alisema, "Madam, mimi nilimwambia ni sabuni," na mimi nikasema, "Na mimi nilikuambia ni kulia," na dereva akageuka kututazama kama watu wanaoomba dua ya dini asiyoijua.

Saluni ilikuwa kichochoroni, mabati yaliyopakwa rangi ya waridi. Mlango wazi. Ndani kulikuwa na mteja, mwanamke mmoja wa sokoni, amelaza shingo kwenye kiti, kichwa chote povu. Mama Awino alikuwa ameinamia beseni la maji moto, koili ikiwa ndani. Akanyoosha mkono wa kushoto ukutani, akazima soketi. Taa nyekundu ikazimika. Mkono wa kulia ukaanza kushuka.

"Acha maji!"

Sikujua nina sauti hiyo. Mteja akaruka kitini, povu likaingia machoni, akaanza kupiga mayowe kwamba anapofuka. Mama Awino akabaki mkono umesimama hewani, akanitazama kuanzia kichwani mpaka gotini.

"Wewe ni nani unanipigia kelele kwa saluni yangu?"

Nilikuwa nimeshafika kwenye swichi kubwa ya mlangoni, nimeishusha. Feni ikapungua, ikasimama. Redio ya jirani ikaonekana ghafla kuwa na sauti kubwa.

"Mama," akasema Awino, "huyu ni Madam."

"Madam gani?"

"Wa chuo. Mama, ile soketi niliiweka vibaya. Si sabuni. Ni mimi."

"Ni mimi," nikasema.

"Ni nani sasa? Mjipange!" akafoka mteja kutoka kwenye povu lake. "Na mtu anipe taulo, yawa!"

Nikampa taulo. Kisha nikamweleza Mama Awino yote, uso wa soketi na mgongo wake, goti na mabenchi ya kanisa, bila kujiremba. Alisikiliza akiwa amekunja mikono. Alipoelewa kwamba koili ilikuwa na moto hata baada ya kuzimwa, alilitazama lile beseni, akavitazama vidole vyake, akavifunga kimoja kimoja. Wakati huo nilidhani atanipiga. Nisingemlaumu.

"Japuonj," akaniita, yaani mwalimu, kwa Kijaluo, neno la heshima ambalo alilitoa mdomoni kama mfupa. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyemfundisha?"

"Ndiyo, Mama."

Nikachukua bisibisi mkobani. Akanyoosha kiganja, akaninyang'anya.

"Hapana. Wewe kaa chini. Wewe umeshafanya yako. Awino, kuja utengeneze."

"Mama, Madam anajua zaidi..."

"Ndiyo nimeona anavyojua. Tengeneza."

Stima ilikuwa imezimwa na saluni ile haikuwa na dirisha, kwa hivyo nikapewa kazi ya kushika tochi. Awino akajaribu waya kwanza kwa testa, kimya, kama nilivyomfundisha. Hilo angalau nilikuwa nimemfundisha vizuri. Akafungua skrubu mbili, soketi ikatoka ukutani ikining'inia kwa nyaya zake. Akaishika uso ukiwa umemtazama, kidole chake kikagusa kulia. Halafu akaanza kuigeuza. Aliigeuza taratibu sana, na kidole kikabaki kimeshika mahali pale pale kwenye plastiki, kikasafiri nayo, kikavuka, mpaka mgongo ulipomjia na kidole kikawa kushoto. Hapo akasoma ile herufi ndogo. Akatabasamu peke yake. Nilikuwa na maneno mengi mazuri ya kusema, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita nilitambua kwamba hakuna aliyekuwa anayahitaji.

Akafunga ya kwanza. Akafunga ya pili. Kwenye ya tatu alikuwa anafanya haraka, skrubu ziko kati ya meno, na mama yake amesimama nyuma yake, anachungulia juu ya bega, upande ule ule anaoutazama binti.

Tukarudisha stima. Awino akachomeka testa tundu kwa tundu, ikawaka panapotakiwa. Akazima swichi, akaipima tena. Haikuwaka. Mama Awino akaomba arudie. Akarudia. Mama Awino akaishika testa mwenyewe, akarudia mara ya tatu, kisha akaenda kwenye beseni, akaing'oa ile koili kuukuu, akaitupa nje kwenye mtaro. Ndipo akapumua, akaenda mlangoni kuishusha tena swichi kubwa.

"Hizo za ukutani hazijafungwa skrubu," akamwambia binti yake. "Malizia." Akanigeukia, akanitazama nilivyosimama na tochi yangu, goti moja limekunjwa, maji ya povu yamelowesha viatu.

"Na huyu mwalimu wako," akauliza, "yeye atapewa cheti lini?"

Awino hakugeuka. Akatoa skrubu ya mwisho mdomoni.

"Bado yuko kwa majaribio, Mama."

Mteja akacheka mpaka povu likaruka ukutani. Nikaisogeza tochi karibu kidogo, aone vizuri.